Kodi ya Kichwa Mtaani Rawdah: Serikali Inapoamua Nani ni Familia



Ukikaa na familia zetu za Rawdah, iwe ile ya mashariki ya Riyadh au ile ya Jeddah, kaskazini ya mji wa kale, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye rusumu za murafiqina. Chai haijapoa, mtu keshauliza: "Nyinyi mumelipa mpaka mwezi gani?" Mimi ni karani mstaafu na sina cheo cha kuitwa mtaalamu wa elimu ya jamii. Lakini nimejaza fomu maisha yangu yote, za serikali na za makampuni, na kazi hiyo imenifunza jambo moja. Serikali huijua familia kwa namna ilivyoandikwa katika fomu yake, na baada ya miaka michache familia nayo huanza kujikata ili ienee ndani ya fomu.

Rusumu hizi zilianza Julai 2017. Kila aliyeandikwa chini ya ikama ya mfanyakazi mgeni, awe mke au mtoto, alitozwa riyal 100 kwa mwezi. Julai 2018 zikawa 200, mwaka uliofuata 300, na Julai 2020 zikafika 400. Mwezi huo huo wa Julai 2020 kodi ya ongezeko la thamani ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15, na korona ilikuwa bado inatamba.

Chukua baba mwenye mke na watoto watatu. Mwaka wa kwanza alilipa riyal 4,800. Kwa kiwango cha 400 analipa 19,200. Kama mshahara wake ni riyal 5,000, na wapo wengi wanaopata chini ya hapo, basi karibu mishahara minne kati ya kumi na miwili ya mwaka imekwenda kabla hajagusa kodi ya nyumba wala ada ya shule. Mwalimu wetu wa hesabu pale misheni alitutaka tupige mistari miwili chini ya jumla, ili asiwepo wa kudhani kuwa hesabu bado inaendelea. Hiyo 19,200 naipigia mistari miwili.

Sababu za serikali ya Saudia hazikufichwa. Bei ya mafuta ilianguka mwaka 2014, Dira ya 2030 ikatangazwa Aprili 2016, na Desemba ya mwaka huo ukatoka mpango wa kusawazisha bajeti. Nchi ilitaka mapato yasiyotoka kisimani, na ilitaka mwajiri aache kumwona mgeni kuwa ndiye rahisi na raia kuwa ndiye ghali. Ndiyo maana iko ada nyingine, inayolipwa na mwajiri kwa kila mfanyakazi wa kigeni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 32.2, na asilimia 41.6 kati yao si raia. Serikali gani ingeitazama hesabu hiyo ikanyamaza? Tena tusiwe wachoyo wa shukrani. Mshahara hapa haukatwi kodi ya mapato, na Machi 2020 Mfalme Salman aliamuru wagonjwa wa korona watibiwe bure, raia na mgeni, hata asiye na karatasi. Haki ya nchi kupanga mambo yake siibishii. Ninachokitazama ni kile ambacho kodi hii inakifanya ndani ya nyumba.

Neno lenyewe linasema mengi. Katika Kiswahili cha ofisini tunasema "mtegemezi", mtu aliyeegemea kwa mwingine. Waarabu wameandika "murafiq", yaani anayefuatana nawe safarini. Neno la Kiarabu ni la upole zaidi, ila linatangaza kuwa upo safarini, na hao uliofuatana nao ni wasafiri wenzako. Orodha ya wasafiri hao ni fupi, na hasa ni mke na watoto. Mtoto wa kiume akishakuwa mtu mzima huulizwa uthibitisho kuwa anasoma. Binti hubaki chini ya baba mpaka aolewe. Mtoto wa dada aliyelelewa nawe tangu akiwa na miaka miwili hayumo. Shangazi mjane aliyekulea wewe mwenyewe hayumo. Kwetu sisi wa pwani huyo shangazi ndiye familia yenyewe, na pengine ndiye mwenye sauti kuliko baba mwenye ikama. Kwa fomu ni mgeni wa viza ya matembezi.

Wazee wetu walizijua kodi za namna hii. Wajerumani waliweka kodi ya nyumba Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1890, na Waingereza wakaiweka Kenya mwaka 1901. Watu walipoona kila kibanda kina bei, waliacha kujenga vipya wakabanana chini ya paa moja. Ikaja kodi ya kichwa, iliyomtafuta mwanamume mzima, nayo ikamsukuma kuiacha nyumba yake na kwenda kwenye mashamba ya mkonge na ya walowezi kutafuta fedha taslimu. Kila mara kilichohesabiwa ndicho kilichohama. Rawdah wamehesabiwa wake na watoto, basi wake na watoto ndio waliorudi Unguja, Mombasa na Moroni, na baba akabaki.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mtu asiyeishi Saudia hawezi kulikisia. Baba aliyerudisha familia yake hafikirii kuwa amebadilika. Kazi ni ile ile, jina ni lile lile. Lakini kwa desturi ya nchi hii amehama tabaka: alikuwa katika awaili, watu wa familia, sasa ni azabu, mseja, hata kama ana mke na watoto watatu na picha zao zimejaa simu. Mwenye nyumba wa Rawdah huandika mlangoni kuwa jengo ni la awaili tu. Mwanamume anayeishi peke yake si mpangaji anayetakiwa katika ngazi wanamopita mabinti wa watu, na mimi simlaumu mwenye nyumba. Basi mkataba ukimalizika baba huondoka Rawdah kwenda kubanana na wenzake chumba kimoja cha vitanda vinne, mbali na msikiti aliouzoea na jirani aliyekuwa akimjua kwa jina la mtoto wake. Alipokuwa na mwanawe alikuwa Abu Fulani. Sasa ni namba ya kitanda.

Migahawa, nayo, ilikuwa na mlango wa familia na mlango wa waseja mpaka Desemba 2019, serikali ilipoondoa ulazima wake. Ukuta wa mgahawa ulianguka kwa tangazo moja. Ule wa nyumba za kupanga umebaki, kwa kuwa umejengwa katika fikra za watu. Na mahali pa kukimbilia pamepungua. Jeddah, bomoabomoa iliyoanza mwishoni mwa 2021 iliangusha mitaa kama Ghulail na Petromin, ambako mgeni wa kipato kidogo alipata pa kulala, na fidia ilipangwa kwa raia. Riyadh, kodi zilipanda mpaka Septemba 2025 serikali yenyewe ikazuia nyongeza kwa miaka mitano ndani ya mipaka ya jiji. Zuio hilo ni jema na limemgusa kila mpangaji, mgeni kwa raia. Bahati mbaya limemkuta baba yetu keshatoka Rawdah.

Wapo waliotafuta njia ya katikati. Familia hutoka kwa khuruj nihai, kisha hurudi kwa viza ya matembezi, na siku zikikaribia kwisha gari hupakiwa watoto na mablanketi, watu wakakata karibu kilomita 400 hadi pwani ya mashariki na kuvuka Daraja la Mfalme Fahd kuingia Bahrain, wagonge muhuri na kugeuza. Nimesikia wakisimulia kwa kicheko, kama tafrija ya wikendi. Mtoto wa miaka tisa anayelala kwenye kiti cha nyuma cha gari anajifunza kuwa nyumbani kwao ni mahali pa kutoka na kuingia. Na wanaoacha ikama za familia ziwe hai huku familia iko Afrika hawakuepuka kitu: rusumu zinahesabiwa maadamu ikama ni hai, awe mtu yuko Rawdah au yuko Ng'ambo.

Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, alizungumza juu ya asabiyya, ule mshikamano wa damu. Watu humnukuu kuhusu falme kuinuka na kuanguka. Mimi hukumbuka zaidi pale anapoeleza kuwa nasaba yenyewe ni jambo la dhana, na faida yake yote iko katika kuchanganyika na kuishi karibu. Ukaribu ukikatika, nasaba hubaki habari tu. Hilo ndilo ninaloliona. Baba anatuma fedha kila mwezi bila kukosa. Anapiga simu kila usiku. Watoto wanamjua vizuri kama mtu wa kwenye kioo, na akirudi likizo ya mwezi mmoja hukaa naye kwa adabu, kama wanavyokaa na mgeni mwenye heshima. Siku ya kuondoka hulia. Baada ya wiki mbili nyumba imerudi katika mwendo wake wa kawaida, na ni mwendo usiomhitaji.

Na Kiswahili? Wasomaji wa ukurasa huu wanakijali, basi niseme. Katika Rawdah zote mbili, Kiswahili kiliishi jikoni. Mtoto alisoma Kiarabu au Kiingereza shuleni, akazungumza Kiarabu uwanjani, na Kiswahili alikipata kwa mama akimkaripia huku anageuza chapati, na kwa wanawake wa upatu waliokuwa wakikutana zamu kwa zamu majumbani. Akina mama walipoondoka, upatu ulikufa na lugha ikaondoka nao. Waliobaki ni wanaume, na wanaume wetu wakiwa peke yao Riyadh huishia kuzungumza Kiarabu cha kazini.

Sasa nije kwenye jambo linalotuuma zaidi sisi wa asili ya Oman, ambalo hatupendi kulisema mbele za watu.

Baada ya Sultan Qaboos kushika nchi Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, ndugu wa tumbo moja waligawanyika. Mmoja alikwenda Muscat, mmoja alibaki Dar es Salaam, mwingine alikwishafika Jeddah na hakuona haja ya kuondoka. Wakati ule ulionekana kuwa mgawanyiko wa nauli na bahati. Leo ni mgawanyiko wa wajukuu. Mwenye pasi ya Oman anakaa Rawdah bila ikama na bila rusumu, kwa kuwa ni raia wa nchi ya Baraza la Ushirikiano la Ghuba. Mtoto wa ammi yake mwenye pasi ya Tanzania au ya Kenya, anayekaa ghorofa ya juu ya jengo hilo hilo, analipia kila mtoto. Bibi yao ni mmoja. Kaburi lake liko Unguja.

Ukienda Oman kwenyewe tofauti inazidi. Kwa Sheria ya Hifadhi ya Jamii, Amri ya Kisultani namba 52 ya 2023, kuanzia Januari 2024 kila mtoto wa Kiomani anapewa riali 10 za Oman kwa mwezi, na mzee aliyefikia miaka 60 anapewa riali 115. Riali 10 ni kama riyal 97 za Saudia. Dada aliyeko Seeb mwenye watoto watatu anaingiziwa kama riyal 3,500 kwa mwaka kwa ajili ya watoto wake. Kaka yake wa Rawdah mwenye watoto watatu analipa 14,400, mke hajahesabiwa. Serikali mbili jirani zimewatazama wajukuu wa mwanamke mmoja. Ya kwanza imeona hazina ya kutunzwa, ya pili imeona gharama ya kufidiwa. Wala Oman isijipige kifua. Huyo dada akiwa ameolewa na Mtanzania, watoto wake kwa kawaida hawapati uraia wake, na riali 10 haziwafikii. Kuanzia 1993 mpaka Aprili 2023, Muomani aliyetaka kuoa au kuolewa na mgeni alihitaji kibali cha serikali. Ni Amri namba 23 ya 2023 iliyowaondolea wengi ulazima huo. Ni harusi ngapi za Pemba na Muscat zilizofungwa kimyakimya katika miaka hiyo thelathini, na watoto wangapi wakaanza maisha bila cheti kilichokamilika, kila ukoo unajua wake.

Tusidhani ni Ghuba peke yake. Uingereza, ambako tuna ndugu wengi, iliweka mwaka 2012 kuwa anayetaka kumleta mwenzi wake kutoka nje lazima awe na pato la pauni 18,600 kwa mwaka, na Aprili 2024 ikapandisha hadi 29,000. Saudia inatoza baada ya kuingia, Uingereza inachuja mlangoni. Kila upande ndoa imewekewa kima cha mshahara.

Na ndani ya Rawdah hiyo hiyo kuna familia ya tatu, isiyohesabiwa popote. Kufikia 2017 wanawake wa Kisaudia waliokuwa katika soko la kazi walikuwa kama asilimia 17. Sasa wamepita theluthi. Ni mabadiliko makubwa, na kwa nchi yao ni ya heri. Mama anapokwenda ofisini, mtoto hubaki na mtu, na mtu huyo mara nyingi ametoka Kenya, Uganda au Ethiopia. Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, aliuita mnyororo wa malezi: mama wa nchi tajiri anamwachia mtoto mama wa nchi maskini, naye wake amemwachia bibi au dada mkubwa kijijini. Huyu hana rusumu za murafiqina kwa kuwa hana murafiqi hata mmoja. Kazi yake haimruhusu kuleta familia. Kanuni za watumishi wa majumbani zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zimeweka mwisho wa saa 10 za kazi kwa siku na siku ya mapumziko kwa wiki. Ni hatua. Mwanawe wa miaka minne hakutajwa, na hakuna fomu yenye nafasi yake. Dada zetu wa Rawdah wanaolalamikia riyal 400 wanakutana na mwanamke huyu kwenye ngazi, na wakati mwingine ndio waliomwajiri.

Serikali zetu za Afrika Mashariki, zinapokaa meza moja na Saudia, huzungumza ajira na fedha zinazotumwa nyumbani. Sijasikia zikizungumza familia. Zingeweza kuomba jambo dogo, kwa mfano mtoto aliyezaliwa Saudia asitozwe mpaka afike umri wa shule, au mwaka wa mwisho wa mtihani usamehewe. Huenda wakakataliwa. Lakini karani yeyote atakwambia kuwa ombi lisiloandikwa halina jalada.

Kwa familia zenyewe nina neno moja la hesabu. Wengi huamua kwa kutazama 19,200 peke yake, na ikionekana kubwa, mke na watoto wanarudishwa. Daftari lina ukurasa wa pili. Andika humo kodi ya nyumba ya kule, maana wakwe hawakai na wageni miaka sita. Andika ada ya shule, kwani mtoto aliyesoma mtaala wa Kiarabu hatoingia kwa urahisi darasa la wenzake. Andika tiketi yako ya kila mwaka na zawadi zake, kitanda chako cha chumba cha watu wanne, na chakula cha mgahawa kila usiku. Nimewaona waliofanya hesabu hiyo kwa ukamilifu wakakuta wameokoa elfu nne au tano tu kwa mwaka, na wengine wakakuta hawakuokoa kitu. Wapo pia ambao kweli hawana njia ila kuwarudisha, na hao wasisemwe vibarazani.

Mwenye kuamua, basi, aamue pamoja na mkewe, kwa kuwa yeye ndiye atakayeishi ndani ya uamuzi huo. Na wasiharakishwe na tarehe ya ikama. Tangu iruhusiwe kulipa kwa miezi mitatu mitatu, hakuna haja ya kukata shauri la mwaka mzima siku ambayo mfuko ni mtupu. Lipa robo moja. Watoto wamalize mitihani, vyeti vyao vigongwe mihuri ya wizara na ya ubalozi wakiwa wangali hapa, maana kuvifuatilia kutoka Unguja ni kazi ya miezi. Mama naye apate nafasi ya kuuza friji na makochi kwa bei yake, pasiwe na mtu wa kumsimamia mlangoni huku ndege inangoja.